Maman Eulalie na Mapipa Arobaini na Sita ya Vumbi

Ijumaa hii, tarehe 29 Septemba 2023, Maman Eulalie Nsimire anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya kupima mionzi hapa Bukavu. Aliingia kama muosha chupa za sampuli; anatoka akiwa mkuu wa kitengo cha taka.

Kazi yake ni kukadiria kile ambacho mashine haikioni. Mionzi ya radiamu hupenya chuma cha pipa, nasi tunaipima tukiwa nje. Ile ya poloniamu haivuki hata karatasi, lakini ikiingia mapafuni inaumiza. Ndani ya jiwe la madini viwili hivi hukaa pamoja kwa uwiano unaojulikana, kwa hiyo ukipima kimoja, unakadiria cha pili.

Maman Eulalie hajawahi kuandika namba moja pekee. Kila ripoti yake husema "kati ya" hii na ile. Binti yake Joviale alipoolewa, mpishi aliuliza idadi ya wageni, akajibiwa: "Kati ya mia mbili na mia tatu na hamsini." Walikuja mia tatu na arobaini. Mpishi hajasahau.

Mwaka 2014 kiwanda kimoja cha kuyeyusha bati kilituletea mapipa arobaini na sita ya vumbi la bomba la moshi, ili tuthibitishe kwamba yanaweza kumwagwa kwenye shimo la kawaida karibu na Kamanyola. Radiamu ilikuwa kidogo sana, na kwa kanuni ya uwiano ule poloniamu nayo ingekuwa kidogo. Papa Grégoire, mkurugenzi wetu wa wakati huo, alileta karatasi ya kibali ili Maman atie sahihi.

"Maman, formule iko wazi. Signez tu."

"Ile formule ni ya mawe, Papa. Hii haiko tena jiwe. Iko moshi."

Alikuwa amekitembelea kiwanda na kuona watu wanane wakifagia vumbi lile bila kitambaa mdomoni. Hoja yake ilikuwa rahisi: moto hupandisha poloniamu pamoja na moshi na kuacha radiamu chini, kwa hiyo uwiano umevunjika. Akakataa kutia sahihi. Kwa miezi minne, sampuli zikiwa ng'ambo kupimwa poloniamu, kiwanda kilipiga simu kila juma, na kuna wenzake waliomwita mukaidi. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Majibu yalifika: poloniamu ilikuwa zaidi ya mara sitini ya makadirio yetu. Papa Grégoire alituita sote, akasoma barua hadi mwisho, akasema, "Maman Eulalie, nilikosa. Pardon." Maman hakushangilia. Alikaa, akawalilia wale wafagiaji.

Mapipa yalifungiwa katika chumba cha saruji, na kiwanda kikalazimika kuwapa wafagiaji barakoa na kuwapima afya. Maman Eulalie akatumia miaka miwili kukusanya sampuli na kuandaa jedwali la vumbi la tanuri, ambalo tunalitumia hadi leo. Wafagiaji wote wanane ni wazima, na wamealikwa kwenye sherehe.

Sasa anahamia Mudaka, kwenye shamba la maharagwe na mume wake, Papa Pascal, ambaye amemngoja kwa subira.

Maman Eulalie, asante kwa kutufundisha kusema "sijui bado" mbele ya wakubwa. Mungu akupe afya, mvua za wakati wake na nyumba yenye wajukuu wengi. Uishi vyema.

Modeste, kitengo cha taka