Mayai Mlangoni mwa Ukumbi

Nyuma ya maktaba ya chuo kimoja cha mji wa Chuncheon, pale mashine ya kahawa inaponguruma kabla ya kutema kikombe cha karatasi, kuna benchi lenye wenyewe. Watatu ni wa kukaa, mmoja wa kuegemezwa. Wa kukaa ni Ki Tae-ung, aitwaye Babu kwa kuwa amesoma miaka mingi kuliko shahada inavyodai. Byeon Do-yul, aitwaye Waya, asiyekosa chaja mfukoni. Na Pyo Na-gyeong, dada wa methali, aitwaye Kamusi, ingawa kurasa za kamusi hiyo zimechanganyika. Wa kuegemezwa ni Maeng Seo-rin. Yeye yuko kwao ng'ambo ya ziwa, kwenye kiti chake cha magurudumu, mwenye misuli inayochoka mapema. Kijiweni huja kwa simu ya Waya, iliyosimamishwa kwa kikombe. Alasiri ile alikuja na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa imenyooka.

Mdahalo mkuu wa chuo ulikuwa unakaribia, na hoja ilikuwa hii: ukumbi wa zamani ulioko juu ya kilima, ambamo mdahalo wenyewe ungefanyika, unaosifiwa kwa ngazi zake za mawe, uachwe ulivyo au uwekewe lifti? Seo-rin aliomba kuwa msemaji kwa njia ya mtandao. Kamati ikamjibu kwa adabu zote kwamba anakaribishwa kutazama. Kuzungumza, hapana, maana mtandao ukikatika ratiba itaharibika.

— Yaani wajadili ngazi zinazonizuia mimi, halafu mimi nitazame kama tamthilia, alisema. Sitaki. Nataka kusimama kwenye zamu yangu kama wengine.

Babu alipuliza kahawa yake, akasema yeye anaijua siri. Kamati haiogopi mtandao hata kidogo. Inaogopa uso mkubwa. Mtu akitokea kwenye skrini ya ukumbini, uso wake unakuwa mpana kama mlango, na nani atathubutu kubishana na mlango?

— Acha zako, Babu, alisema Waya. Shida ni ukumbi. Zile kuta za mawe zinameza mawimbi. Sauti ya Seo-rin itaingia leo, itoke mwaka kesho.

— Kuta za nini? alidakia Babu. Ukumbi ule ulijengwa na mtu aliyechukia magoti ya wenzake. Hujawahi kuona wanavyofika juu wakihema? Mtu anayehema habishi. Ilipangwa hivyo.

Waya akapendekeza puto la gesi: simu ifungwe chini yake, ipande yenyewe hadi dirishani. Kamusi akakataa kwa kichwa.

— Mpanda ngazi hushuka, alisema kwa uzito. Kwa hiyo bora asipande kabisa. Halafu mkono wake wa kwenye skrini ni mtupu, na mkono mtupu haulambwi.

— Nani kaomba kulambwa, Kamusi? aliuliza Seo-rin.

Walicheka, naye akacheka nao, lakini hakuwaacha wapotelee humo. Aliwauliza dada Jin-ju huwa anapita saa ngapi kuchukua kahawa. Ok Jin-ju ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Babu akasema hapiti mbali, yule pale anakuja.

Jin-ju alipoitwa alijua anaitiwa nini, akaanza kuomba radhi kabla hajafika. Seo-rin alimkatiza kwa upole. Hakumwomba ahadi. Alimwomba abishane naye pale pale, atetee ukumbi uachwe ulivyo, hadi kahawa yake iishe. Simu ikikatika, yeye atatazama kama alivyoambiwa, na hatamsumbua tena.

Jin-ju akakaa. Waya, kwa kupenda makuu, alifungua kompyuta yake mpakato na kuwasha ile programu ya kuandika maneno kadiri mtu anavyosema, ili eti pawe na ushahidi. Basi wakabishana. Jin-ju alizungumzia urithi na mawe yaliyochongwa kwa mkono. Seo-rin alimjibu kwamba urithi usioingilika ni picha tu. Sauti ilikwama mara moja. Kule kwao Seo-rin alihisi moyo wake umekwama nayo. Ikarudi. Alirudia sentensi yake toka mwanzo bila kuomba msamaha, akaendelea. Kahawa ya Jin-ju ilipoa mkononi kabla hajaikumbuka.

— Utazungumza, alisema mwishowe. Nitawaambia wenzangu nimeshindwa na simu iliyoegemea kikombe.

Benchi zima likachangamka. Ndipo kijana aliyekuwa amekaa benchi la pili, akiitazama kompyuta ya Waya muda wote, alipoinuka akawasogelea. Alijitaja kwa sauti nzito isiyopanda wala kushuka: Gam Hyo-jun, hasikii, husoma. Aliinama kwa heshima, akauliza:

— Samahani. Yale mayai mlangoni yanahusu nini?

Babu alimtazama Kamusi, Kamusi akamtazama Waya. Waya akageuza kompyuta, akasoma. Kwa lugha yao neno la ngazi na neno la mayai hutofautiana kwa sauti moja tu, na mashine ilikuwa imechagua mayai kila mara. "Mayai ya mawe yananizuia." "Mwanafunzi asiyeweza kupanda mayai afanyeje?"

Babu aliangua kicheko, kisha kikamfia mdomoni. Hyo-jun hakucheka. Alikuwa amefuata hoja yote, neno kwa neno, akidhani akili yake ndiyo iliyopungua.

Seo-rin alijisikia vibaya kwa namna ambayo hakuitarajia. Wiki nzima alikuwa amegonga mlango, na alipofunguliwa hakuwa ametazama nani mwingine yuko nje.

— Dada Jin-ju, alisema, nimekubali, ila pawe na mtu wa kuandika, si mashine peke yake. Maneno yaonekane chini ya kila msemaji, hata wale walio ukumbini.

— Seo-rin, nimekupa kimoja, unataka viwili.

— Kama yeye hanisomi, sijazungumza.

Jin-ju akauliza nani anaandika haraka. Kamusi akainua mkono, na safari hii hakutia methali. Aliivuta kompyuta mapajani, akazima programu. Babu alisogea Hyo-jun apate nafasi, akaenda kumnunulia kahawa. Akarudi mikono mitupu, mashine imeishiwa.

— Basi tuanze upya, alisema Seo-rin.

Aliyaandika maneno hayo pia, yakatokea kwenye simu ya Waya, ili Hyo-jun aone anaambiwa yeye, kisha akaanza hoja toka mwanzo, taratibu. Na kila alipofika kwenye neno la ngazi alilitamka kama mtu anayelipanda, akasubiri vidole vya Kamusi vimfikie.