Mwizi Ni wa Rangi Gani?

Ukiteremka kutoka soko la Baraka kuelekea ziwani, kabla ya kufika pale pikipiki zinapopanga mstari kusubiri abiria wa Mboko, utakuta ubao mrefu umepigiliwa juu ya magogo mawili, na mbele yake birika jeusi kwa masizi. Birika ni la Mama Godelieve. Kwa kuwa hapo ndiye anayeamua nani aongee na nani anyamaze, watu humwita Présidente. Wenye ubao wao ni watatu. Albert, anayeuza vipuri vya pikipiki, anaitwa Porte-parole kwa sababu katika kartiye yake, mtaa wake, ndiye msemaji wa Chama cha Jua, kile cha rangi ya manjano. Saleh, mwenye mtumbwi wa kubeba mizigo, anaitwa Upinzani, naye ni wa Chama cha Mti, kile cha kijani. Wa tatu ni Vainqueur, motari wa kubeba abiria kwa pikipiki, anayeitwa Kamusi kwa vile anajua methali zote za dunia, ila kila mara huifungua mahali pasipo pake.

Albert na Saleh walikuwa marafiki tangu ujana. Wakiwa uso kwa uso, walitaniana tu. Kwenye simu, lakini, walichinjana. Wageni wa kijiwe walistaajabu kuwaona wamekaa bega kwa bega, kila mmoja ameinamia simu yake, wakitukanana kwenye Facebook huku mmoja anampitishia mwenzake sukari.

Asubuhi ile, ukurasa mmoja wa habari za mji ulitoa tangazo la maneno machache. Wezi wameingia usiku katika chumba kimoja karibu na soko, wamebeba mashini ya kushona, na chini ya dirisha wameacha nguo. Picha ilikuwa ya nguo yenyewe: fulana ya manjano, imekunjamana, na jua kubwa limechapwa kifuani.

Kahawa haijachemka, watu wameshajazana chini ya picha ile kama inzi kwenye samaki. Wa Mti waliandika kwamba hilo si jambo la kuuliza, watu wa Jua wanajulikana mikono yao. Wa Jua walijibu kwamba fulana imewekwa makusudi na watu wa Mti, ambao hata kura waliiba. Mmoja aliyeandika kutoka Kinshasa, na ambaye Baraka hajaikanyaga, alisema anamjua mwizi mwenyewe.

Albert alisoma huku damu inamchemka. Fulana kama ile anayo nyumbani, na mke wake ameikunja vizuri ndani ya sanduku. Aliona kama wamempiga picha yeye.

— Hiyo triko ni ya mutego, akasema. Mwizi gani anavua nguo yake kwa dirisha? Tena angalia, ni kubwa. Kwetu chama hatuna batu banono. Banono ni ba kwenu.

Saleh hakuinua macho.

— Mutu anakonda juu ya kukimbia na mizigo ya benzake, akajibu.

Vainqueur aliona zamu yake imefika. Alieleza kwamba haraka haraka haina baraka, basi mwizi aliyekimbia hivyo hawezi kuwa wa Baraka, ametoka mbali. Présidente alipomuuliza na ile fulana je, Kamusi alijibu bila kusita kwamba mficha uchi hazai: mwizi ameiacha nguo kwa sababu bado anataka kupata watoto. Saleh akasema hapana, yeye anaamini ni kazi ya kupangwa. Watu wa Jua wanataka mashini zote za mji ili wakati wa kampeni ijayo kila bendera ishonwe kwao. Albert akamjibu kwamba mashini imekwishavushwa ziwa kwa mtumbwi, na kila mtu anajua ni chama gani kina watu wenye mitumbwi. Vainqueur aliongeza kwamba huenda hakuna mashini kabisa, kwamba fulana ilitembea yenyewe. Présidente alicheka mpaka akashika ubao.

Mpaka hapo ilikuwa furaha ya kila siku. Kisha Saleh akaandika kitu kwenye simu, akabonyeza, akanywa kahawa. Albert aliona maneno yakitokea kwenye kioo chake mwenyewe, na jina la Saleh juu yake: «Batu ba Jua, mutoto anazaliwa leo, kesho banamufundisha kuiba mbele ya kutembea.»

Watu walianza kuweka alama za kucheka, moja baada ya nyingine, kama mvua inavyoanza juu ya mabati.

Albert hakucheka. Ketsia, binti yake, alikuwa amejifungua majuzi tu, mtoto wa kiume, na Saleh huyo huyo ndiye aliyewapeleka hospitali kwa mtumbwi wake, ziwa likiwa limechafuka. Albert alijua Saleh hakumfikiria mtoto yule alipoandika. Lakini ubongo unajua, moyo unasoma kivyake. Aliweka simu mapajani. Saleh alinyoosha mkono kuomba sukari. Mkono ukabaki hewani. Sukari ilikuwa upande wa Albert, na Albert alikuwa anaangalia barabara.

Présidente aliona, akainama kuchochea moto. Hata Vainqueur aliona, na ilikuwa mara ya kwanza methali kumkosa.

Hapo ndipo pikipiki kutoka Mboko ilisimama, akashuka dada mmoja na mfuko mkubwa wa plastiki mkononi. Aliomba kahawa, akasogezewa nafasi kati ya wale wawili wasioangaliana. Jina lake lilikuwa Nadège. Vainqueur, kwa kutaka hewa irudi, alimwonyesha picha na kumsimulia yote: Jua, Mti, mtego, mitumbwi, bendera. Nadège alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akapuliza kahawa yake.

— Samahani, bapapa. Ule muntu baliiba mashini yake, iko nani?

Saleh alichukua simu na kupekua maoni kutoka juu hadi chini, akarudi juu. Mamia ya watu walikuwa wamesema, na hakuna hata mmoja aliyetaja jina. Albert naye alitafuta kichwani. Fulana ile angeweza kuichora macho yamefungwa, na mkunjo wake na doa lake. Mwenye dirisha hakumjua.

— Hatuyue, Albert akasema mwishoni.

Nadège alieleza kwamba anauliza kwa sababu amekuja kuchukua nguo za harusi ya dada yake. Harusi ni Jumamosi, na fundi wake Tania, anayeshona nyuma ya soko, hashiki simu tangu asubuhi. Mfukoni mwake mlikuwa na vitambaa vya mwisho vilivyobaki kukatwa. Alipomaliza kusema, wote wanne walikuwa wameshaelewa, na yeye pia.

Vainqueur akawasha pikipiki, akampakia. Albert na Saleh walifuata kwa miguu. Walipita wauza ndagala, dagaa wa ziwani, wakapita wauza mihogo. Kwenye kona ya kinu Saleh akapunguza mwendo.

— Papa Ketsia, ile maneno ya mutoto, sikufikiri kwako.

— Nayua.

— Nilitaka tu bacheke.

— Balicheka, Albert akasema. Balicheka mingi.

Saleh alisimama katikati ya njia, akatoa simu, akafuta alichoandika. Alama zote za kucheka zikaenda nacho. Albert alimsubiri. Waliendelea kutembea, safari hii kwa hatua moja.

Tania walimkuta amekaa mbele ya mlango wake, sindano mkononi, anashona gauni la harusi kwa mkono. Alikuwa msichana mwembamba mwenye macho ya kutolala, na pale chumbani, mahali pa mashini, palikuwa na alama nne tu za miguu yake kwenye saruji. Nadège alikuwa ameshachuchumaa pembeni yake, ameshika upindo. Wanaume wakasalimia, wakatoa pole, wakasimama kama watu waliofika msibani mikono mitupu. Albert aliuliza kama kuna waliokuja. Tania akasema shefu wa kartiye alikuja, na kijana mmoja alikuja na simu, akapiga picha ya dirisha, akaondoka. Hakumuuliza hata anaitwa nani.

Albert hakuweza kujizuia.

— Na ile triko ya Jua? Mwizi aliiacha wapi kabisa?

Tania alimtazama kama anayejaribu kukumbuka.

— Ile ya manjano? Ile ni yangu, papa. Balitugawiaka siku ya kampeni. Njo kitambala yangu ya kupanguza mafuta ya mashini. Ilianguka tu wakati balikuwa napitisha mashini kwa dirisha.

Saleh alianza kutabasamu, akamgeukia rafiki yake. Tania, ambaye hakujua chochote kuhusu vita vya asubuhi ile, akaendelea kwa unyoofu:

— Na ile ya Muti banaiacha. Niko naikalia.

Akajiinua kidogo kwenye kiti. Kweli, chini yake kulikuwa na mto mdogo wa kijani, umeshonwa vizuri, na mti wenye matawi umechapwa katikati. Albert alicheka mpaka akashika ukuta. Saleh alijaribu kukunja uso kwa heshima ya chama, ukamshinda. Nadège akacheka, na Tania mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu usiku ule, akacheka bila kujua anacheka nini.

Ni Saleh aliyekumbuka. Nyumbani kwake, chini ya masufuria, kulikuwa na mashini ya kukanyaga kwa mguu, ya mke wake Latifa, ambayo haijaguswa tangu macho yalipoanza kumsumbua. Alimpigia simu. Latifa alisema wachukue, tena wafanye upesi, kwani anataka nafasi ya kuweka unga.

Mashini ile ilikuwa ya zamani, na miguu yake ya chuma ilikuwa mizito kama nanga. Haikukubali kukaa kwenye pikipiki. Basi Albert akashika mbele, Saleh akashika nyuma, wakaipitisha katikati ya soko, wakipumzika kila baada ya vibanda vichache na kulaumiana kuhusu nani habebi. Wauza nyanya waliwapisha. Watu wengine walitoa simu. Wao hawakuwa na mkono wa kupungia, wakatabasamu tu.

Vainqueur alileta mafuta ya mashini. Présidente alituma thermosi nzima ya kahawa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Albert, ambaye anajua minyororo na gia, alilala chali chini ya meza ya mashini, akalegeza hiki, akakaza kile, hadi kanyagio likaimba. Tania alikaa. Mguu wake ulikanyaga mara ya kwanza polepole, kisha kwa kasi, na uso wake wote ukabadilika. Saleh aliangalia pembeni, akasema vumbi la soko limezidi.

Mashini iliyoibwa haikupatikana, na mwizi hadi leo hajulikani, wala rangi yake.

Ijumaa asubuhi kijiwe kilikuwa kimejaa. Ukurasa ule ule ulikuwa umetoa picha mpya: wanaume wawili wanatokwa jasho, wamebeba mashini ya kushona katikati ya soko. Juu yake imeandikwa kwamba wezi sasa wanatembea mchana kweupe. Maoni yalikuwa mengi kuliko ya kwanza. Wa Mti walisema hawa ni wa Jua. Wa Jua walisema hawa ni wa Mti. Yule wa Kinshasa aliandika kwamba si aliwaambia.

— Huyu wa nyuma, Vainqueur alisoma kwa sauti, «namuyua, ni wa Jua toka kuzaliwa.»

Wa nyuma alikuwa Saleh. Alikasirika kweli, akaweka kikombe chini.

— Bananiita mwizi, sawa. Lakini wa Jua?

Albert alichukua simu yake na kuandika taratibu, akitamka kila neno ili kijiwe kisikie: «Uyu ni rafiki yangu. Haiko wa Jua, ni wa Muti, na haiko mwizi. Mashini ni ya bibi yake.» Katika miaka yake yote ya usemaji hakuwahi kumtetea mtu wa Mti mbele ya watu. Jibu lilifika kabla hajaweka simu mfukoni: «Na weye, mwizi mwenzake, uko chama gani?»

Walicheka mpaka Présidente akawanyang'anya vikombe visivunjike.

Wakiwa bado wanapangusa macho, Nadège akafika akitokea kwa Tania, kwenye pikipiki ya motari mwingine iliyojaa nguo zilizofungwa kwa shuka safi, akielekea nyumbani. Alisimama mbele ya ubao, akawaambia wote wamealikwa kesho Mboko, hakuna kukataa, Tania naye anakuja. Mama yake amemtuma kupanga viti.

— Nibaandike upande gani, bapapa? Wa muoaji ao wa muolewaji?

Porte-parole akamwangalia Upinzani. Upinzani akamwangalia Porte-parole. Watu wawili ambao hawajawahi kukosa upande maishani mwao walifungua midomo, na hakikutoka kitu. Kamusi alitafuta methali, akakosa.

— Utuweke tu, Saleh akasema hatimaye, upande wenye kuwa karibu na sufuria.