Mabuyu Yasiyo na Rangi

Alfajiri, kabla sijawasha taa, nilisikia pakiti ikichakarika. Binti yangu Mumbe, mwenye miaka minne, alikuwa anakula krispi za rangi kitandani. Basi tulipopanda tuktuk ya kwenda Galu pale Kona ya Musa, na abiria wenzetu wawili wakaanza kuzungumzia rangi za vyakula, nilitega sikio.

Mmoja alikuwa Bi Hafsa, muuza mabuyu, beseni mapajani. Wa pili ni mpishi wa hoteli. Sare yake iliandikwa Nthambi.

"Shikamoo, bibi. Mbona mabuyu yako leo ni meupe?" Nthambi aliuliza.

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu mkuu amenikataza. Asema ile rangi nyekundu ni kemikali, nisiilete tena shuleni. Watoto wasipoyanunua haya, sina kazi nyingine."

"Si ungetia biti, vile viazi vyekundu?"

"Nilitia. Yakatoka kama matope, hata paka aliyakimbia."

Nthambi alicheka. "Lakini mwalimu ana haki. Ile rangi hukaa ulimini siku mbili!"

"Na soseji zenu huko hotelini, zilizaliwa na wekundu ule?"

Nthambi alikiri. "Hata mimi hujiuliza. Nikisoma pakiti naona namba tu, sijui ni za nini."

Nami sikujua, licha ya masomo yangu yote ya jioni chuoni. Nilisukuma mkoba wa Mumbe, wenye zile krispi, chini ya kiti.

Tuktuk ikasimama langoni mwa shule. Bi Hafsa akampa Mumbe mabuyu mawili aonje, akamtazama usoni bila kupepesa macho. Mumbe aliyageuzageuza kiganjani.

"Mama, haya hayajaiva."