Mafundo Matatu Mlangoni: Kumuaga Bibi Mkanda

Zahanati yetu ina nguzo mbili. Ya kwanza ni ya zege, iko barazani. Ya pili ni mimi, dereva wake. Ndiyo maana Daktari Mkuu alipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu kwenye jarida letu la wafanyakazi hakuhangaika. Wenzangu wana vyeti. Mimi shule ya sekondari niliiona kupitia dirisha tu. Lakini nani mwingine amewahi kuupanda mlima wa hospitali kuu kwa gia ya kurudi nyuma, mjamzito akiwa ndani, akafika kabla ya uchungu wenyewe? Mashahidi wapo, ingawa wengi walikuwa wamefumba macho.

Tuje kwa mwenye siku yake. Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, muuguzi wetu wa lishe anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu, yote katika chumba namba nne, chumba cha kupimia watoto. Jina lake kamili liko kwenye faili. Sisi na mtaa mzima tunamwita Bibi Mkanda, kwa sababu ya ule mkanda wa kupimia mkono wa mtoto ambao hautoki mfukoni mwake. Una rangi tatu. Kijani, mtoto yuko salama. Njano, tahadhari. Nyekundu, mtoto ana utapiamlo mkali na hakuna kungoja kesho.

Alianza kama mfagiaji. Alikuwa akifagia polepole sana chumba namba nne, akisikiliza mafunzo, hadi muuguzi wa zamani akachoka na kumwambia aweke fagio chini, ashike kalamu. Akasoma, akafaulu. Mara mbili ameitwa ofisi kuu apewe kiti cha kuzunguka, mara mbili amejibu kwamba vitu vinavyozunguka vinampa kizunguzungu.

Mgeni mmoja mkubwa alipokuja kukagua, akauliza mkanda huo unatumikaje, Bibi Mkanda alimzungushia mkononi palepale. Haukufika hata nusu. Akamtazama kwa huruma, akamwambia, "Baba, wewe huna shida ya lishe. Shida ya lishe iko kwa waliokaa jirani na wewe mezani." Mgeni alicheka. Sisi tulicheka baada ya gari lake kuondoka.

Kila asubuhi, kabla ya mtoto wa kwanza, alitundika kwenye mizani dumu la maji la lita tano. Mshale ukisimama kwenye tano, kazi inaanza. Usiposimama, hakuna kupima hadi mizani irekebishwe, hata foleni ifike barabarani. Alisema mizani inayodanganya ni mbaya kuliko kukosa mizani. Kisha kelele zinaanza: watoto wakining'inia kwenye kaptura ya turubai ya mizani, wakilia, na yeye akiwajibu kwa kilio kilekile hadi wananyamaza kwa mshangao. Nikiwa nje naosha gari nilikuwa nalalamika kwamba kelele hizo zinaniharibia masikio. Mungu anisamehe. Leo ningezinunua kwa kilo.

Maana ulikuja mwaka wa barakoa. Mikusanyiko ikapigwa marufuku, kliniki ya watoto ikafungwa, mabenchi yakageuzwa miguu juu. Mimi ule ugonjwa sikuuogopa. Nadhani wenyewe ulisikia mngurumo wa injini yangu ukapita njia nyingine. Lakini ukimya wa chumba namba nne niliuogopa. Kaptura ilining'inia tupu. Na bado, kila asubuhi, niliona kupitia dirisha Bibi Mkanda akitundika dumu lake la maji, akingoja mshale usimame kwenye tano, akiliteremsha. Hakukuwa na mtoto. Alifanya hivyo siku zote zile.

Huko mtaani, wafua nguo walikuwa wameambiwa na matajiri wao wasije tena. Wauza mboga walifukuzwa barabarani. Waliokuwa wakinyonyesha walitiwa hofu na majirani kwamba maziwa yana ugonjwa, wakawaachisha watoto kwa maji ya mchele. Bibi Mkanda alipaza sauti kwa kipaza sauti cha gari langu hadi ikamkauka: vaa barakoa, nawa mikono, nyonyesha.

Kwa kuwa kugusana kulikatazwa, alibuni njia. Kila mama alipewa mkanda na vitambaa vitatu vya rangi zilezile, vilivyokatwa kwenye mapazia ya zamani ya wodi. Anampima mtoto mwenyewe, kisha anafunga mlangoni kitambaa cha rangi aliyoiona. Jumanne tunapita na gari tukisoma milango. Penye nyekundu tunashusha pakiti za chakula dawa, kile laini cha karanga, mtoto anaponea hapohapo nyumbani.

Jumanne ya kwanza, mtaa mzima kijani. Ya pili, kijani. Ya nne, kijani kama shamba la mchicha. Nikapiga honi ya ushindi.

"Dada mkubwa, mtaa umeshiba!"

"Umeshiba nini, mjomba? Mbona majiko hayatoi moshi?"

Akaniambia nisimamishe gari kwenye nyumba yoyote ya karibu. Nikapendekeza ya mbele. Akasema hapana, hii hapa.

Ilikuwa nyumba yangu.

Ndani anaishi mpwa wangu, mtoto wa dada yangu marehemu, na bintiye wa mwaka mmoja na nusu. Mpwa wangu alikuwa mmoja wa wafua nguo waliorudishwa nyumbani, na mimi sikukosa kumtangazia kila mtu kazini kwamba nalisha ukoo mzima peke yangu. Bibi Mkanda alisimama mlangoni, hatua mbili kutoka kwao, akamwambia mpwa wangu ampime mtoto mbele ya macho yake. Mkanda ukasimama kwenye nyekundu. Mlangoni, juu ya kichwa chake, kitambaa cha kijani kinapepea.

"Na wewe mama, umekula?"

"Nimekula, bibi. Nilikula jikoni wakati napika."

"Jikoni wapi, mwanangu? Paka kalala mekoni."

Mezani palikuwa na sahani moja, imefunikwa, imejaa, inaningoja mimi. Chakula kilikuwa cha watu wawili, ndani tulikuwa watatu. Hesabu hiyo mpwa wangu aliimaliza kimyakimya kwa tumbo lake, maziwa yakapungua, na mimi nikasema asante kila jioni nikiomba nyongeza. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata wakilala chini ya bati moja.

Kitambaa je? Mpwa wangu alikuwa amechukua chekundu tangu Jumanne ya kwanza. Mimi ndiye niliyemwambia akirudishe. Nilisema nyumba ya dereva wa zahanati haiwezi kutundika nyekundu, watu watanionaje? Naandika haya kwa ruhusa yake, maana yeye ndiye aliyeona njaa, mimi niliona aibu tu.

Bibi Mkanda hakunigombeza. Alirudi garini, akasema kosa ni lake: alikuwa amewapa akina mama mizani inayowalazimisha kudanganya. Kila mlango ulikuwa na mimi wake wa kuogopa macho ya watu.

Jumanne iliyofuata vitambaa vyote vilikuwa vyeupe, vimekatwa kwenye mashuka. Rangi zikawa mafundo: moja, mawili, matatu kwa nyekundu, na maana yake tuliijua sisi wawili na mama tu. Kila nyumba ilifunga, hata ya Daktari Mkuu ambaye watoto wake wana ndevu. Kila nyumba ilipata mfuko uleule wenye sabuni. Wa mafundo matatu ulikuwa na pakiti chini ya sabuni, na chakula cha mama pia. Jirani hakuweza kusoma kitu.

Siku hiyo tulihesabu milango kumi na saba yenye mafundo matatu. Watoto kumi na sita walirudi kijani, mjukuu wangu akiwa wa tisa. Wa kumi na saba hatukumwahi. Zile Jumanne nne za kijani zilimtosha. Bibi Mkanda hupita kwa mama yake mpaka leo, hukaa naye kidogo, hapimi chochote. Mimi hutia chumvi katika habari zangu zote, ila hii.

Mabenchi yalirudi, kelele zikarudi, mjukuu wangu sasa anakimbia kuliko gari langu. Lakini kuanzia Jumatatu atakayejaza lile dumu atakuwa mwingine. Ni binti mzuri, ana diploma. Nimemsikia akijaribu kumjibu mtoto kwa kilio, bado hajakipata.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya milango yote iliyowahi kufungwa kitambaa, asante, dada mkubwa. Ukapumzike, ule ukiwa umekaa, ukiwa wa kwanza kupakuliwa. Maisha yako mbele yasimame kwenye kijani.

Na jambo moja dogo. Ule mkanda wako wa kwanza, uliofifia rangi, unaoutafuta tangu wiki iliyopita hadi ukamshuku mfagiaji: uko kwenye kidroo cha gari, chini ya barakoa. Nimeuficha mimi. Sikuwa na sababu nyingine ya kukufanya urudi. Uje Jumanne.