Bi Tomie Anaiacha Mitungi ya Nili

Tarehe 31 Machi 2025, Bi Tomie Sakakura anavua glavu zake baada ya miaka thelathini na tisa katika karakana yetu ya kutia vitambaa rangi ya nili hapa Tokushima. Bwana Kuwabara, mwenye karakana, amesema niandike mimi kwa kuwa ndimi niliyefanya naye kazi kwa karibu. Kalamu si kazi yangu, lakini kwa Bi Tomie siwezi kukataa.

Aliajiriwa kusuuza vitambaa. Wageni wa kuja kujaribu kuchovya wenyewe walipoanza kuingia, hakuna fundi aliyewataka, maana wanamwaga, wanachanganya ndoo, wanauliza choo kiko wapi. Bi Tomie akawachukua. Amefundisha maharusi, vikundi vya wastaafu, na watu wa nchi za mbali wasiojua hata neno letu moja. Hao aliwashika viwiko tu, na hakuna aliyetoka bila kuelewa. Bwana mmoja, pande la mtu, alitokwa na machozi kuona leso yake ikitoka mtungini kijani na kugeuka bluu hewani. Bi Tomie akampa taulo lake la kazi ajifute, na yule bwana akaondoka na paji la uso la bluu. Mwaka uliofuata alirudi na mkewe.

Lakini jambo ninalotaka lijulikane ni la Oktoba iliyopita. Bi Tomie alikwenda kufanyiwa upasuaji wa jicho, akaniachia mitungi yote minne kwa siku kumi. Mitungi yetu imefukiwa sakafuni, na nili iliyomo ni kitu hai: inachacha, inakula, inalala. Ikiwa na afya, povu la zambarau hukusanyika juu, nasi huliita ua. Wiki hiyo baridi iliwahi. Nikaona ua la mtungi wa tatu limenywea, roho ikakosa kutulia, nikaulisha pumba za ngano. Kesho yake tena, na sake, pombe yetu ya mchele, juu yake. Mimi nikimwona mtu mnyonge namlisha, sijui njia nyingine. Siku ya nane ukaanza kunuka na ua likatoweka, na kwa hofu nilikuwa nimeshaulisha hata wa nne.

Majani yaliyovundikwa ya kutengenezea nili mpya yasingepatikana mpaka Machi. Mitungi ile ikifa, wageni wa majira yote ya baridi wangechovya kwenye rangi ya unga ya kiwandani. Sampuli yake ilikuwa imeshafika mezani kwa Bwana Kuwabara.

Bi Tomie alirudi na bandeji jichoni. Akachovya kidole, akaonja, akatema. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kufukuzwa.

"Mama Issei, huyu si mwanao," akasema. "Ameshiba mpaka kooni. Mpe chokaa kidogo, mfunike, halafu kaa naye mbali."

Nikamuuliza nikae mbali mpaka lini.

"Mpaka uache kuuliza."

Wageni walikuwa wanakuja kila siku, na mizima ilikuwa mitungi miwili tu. Mimi naona haya kumnyima mgeni. Ningewaacha wachovye mara tano kama kawaida, na tungeimaliza hata hiyo miwili. Bi Tomie alisimama mlangoni akawaambia ukweli, kwamba mitungi inaumwa na leo kila mtu anachovya mara moja. Rangi nyepesi inayotoka hapo wazee wetu waliiita kuchungulia mtungi, kwa sababu kitambaa kimechungulia tu kikaondoka. Bwana mmoja wa Osaka akalalamika kwamba kwenye tangazo ni bluu nzito.

"Baba, siku ya picha mtungi ulikuwa mzima," Bi Tomie akamjibu. "Wewe ukiwa na homa, mkeo anakutoa kitandani ukapigwe picha?"

Mke mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote. Bwana akachovya mara moja, akainama kushukuru.

Siku ya kumi na tatu tangu tuifunike, ua lilirudi kwenye mtungi wa tatu. Wa nne ukafuata baada ya siku mbili. Bwana Kuwabara akairudisha sampuli kiwandani, na leo wapo wageni wanaokuja kutafuta hiyo rangi ya kuchungulia tu.

Nilimwomba Bi Tomie aniandikie daftarini kila kipimo kabla hajaondoka. Alikataa, akasema nikiwa na daftari sitautazama mtungi. Tulipotengeneza nili mpya mwezi huu, yeye alikaa na chai yake, mitungi ameipa mgongo, anamenya machungwa. Ua lilichanua jana. Hajaja hata kuangalia.

Bi Tomie, kwa niaba ya karakana nzima, asante. Kula vizuri, jicho usilifikiche, na soksi vaa zile nene. Siku zako za mapumziko ziwe nyingi na zenye afya. Ila tumegundua kwamba miaka yote hii hujawahi kuchovya leso ya kwako mwenyewe. Tumekuandikisha Jumamosi tarehe 5 Aprili, saa nne asubuhi, pamoja na wageni wengine. Aproni utaikuta. Uje mikono mitupu, na siku hiyo mimi ndiye nitakayekuambia uchovye mara ngapi.