Mwalimu Agapiti na Chumba cha Wadogo

Ijumaa tarehe 12 Disemba 1958, Mwalimu Agapiti Selestini anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya ualimu, kumi na mitatu kati yake akiwa mkuu wa shule yetu hii ndogo ya upande wa Lionja. Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika habari zake kwa sababu nimefanya kazi chini yake kwa muda mrefu kuliko mwalimu mwingine yeyote. Wengine wote waliomba uhamisho.

Waliosoma kwake hawahitaji kuelezwa alivyo. Soksi nyeupe hadi magotini, hata wakati wa masika. Filimbi shingoni. Kila jiwe la uwanjani alilipaka chokaa, na mawe yalipokwisha akapaka miti. Mbuzi wa Mzee Awadhi aliyesimama muda mrefu karibu na ndoo alirudi kwao na mguu mmoja mweupe, na mpaka leo Mwalimu anasema ilikuwa bahati mbaya.

Alipenda taratibu kama wengine wanavyopenda nyama. Zilizotoka juu alizifuata, na zisipotoka alizitunga mwenyewe. Mojawapo aliitunga mwaka 1949, nayo ndiyo inayonifanya niandike kwa kirefu kuliko nilivyoombwa.

Mwaka huo Nachingwea ilikuwa imejaa Wazungu wa karanga. Walikuja na matrekta mengi kuliko mvua, wakasema watailisha dunia mafuta. Wanaume wetu walikwenda kukata misitu, wanawake wakaenda kupanda na kuchambua karanga, na watoto wadogo wakabaki migongoni mwa dada zao. Dada hao walikuwa wanafunzi wetu. Asubuhi waliingia darasani na mbeleko, wakaandika hesabu huku mtoto akiwavuta masikio.

Mwalimu Agapiti hakuweza kustahimili. Alipiga filimbi, akatangaza kwamba shule ni mahali pa elimu, si mahali pa kulelea, na kwamba kuanzia siku ile mtoto asiyeandikishwa hataingia darasani. Wasichana wengi waliacha shule wiki hiyohiyo. Yeye alisifu jinsi madarasa yalivyotulia.

Mwamina wa darasa la tatu hakuacha. Mama yake, Mwantumu binti Shaban, alikuwa mchambuaji wa karanga, na baba alikuwa amefariki. Kila asubuhi Mwamina alimkalisha mdogo wake Saadi, mtoto wa miaka mitatu, nje ya dirisha la darasa na kipande cha muhogo wa kuchemsha, akawa anamchungulia kila mwalimu alipogeukia ubao. Mwalimu Agapiti alijua. Aliona kwamba mtoto yuko nje, na taratibu ilisema nje, basi.

Siku moja ya mwaka 1950 Mwamina alichungulia akaona muhogo tu.

Wakati huo matrekta yalikuwa yamefika msitu ulio nyuma ya shule. Mawili yalikwenda sambamba, katikati yake mnyororo mnene kama mkono wa mtu, na chochote kilichokuwa mbele ya mnyororo kililala chini. Watoto wote waliyapenda kwa kelele zake. Mwamina alitoka darasani bila kuomba ruhusa, akamwambia Mwalimu Agapiti kwamba Saadi hayupo. Mwalimu alifungua kinywa, nadhani ili amuulize kwa nini ametoka bila ruhusa. Kisha akatazama upande ule kelele zilikotoka.

Hatukuwa tumewahi kumwona akikimbia. Hakukimbia vizuri. Soksi zilishuka, kiatu kimoja kikabaki kwenye matuta ya mihogo, naye akaingia msituni akipiga filimbi ambayo hakuna dereva duniani angeisikia. Alimkuta Saadi amekaa chini ya kichuguu anakula udongo, anasubiri matrekta yamfikie. Mwalimu alisimama mbele yake, akavua shati, akalipunga juu ya kichwa. Dereva wa kwanza aliona mtu mzima wa kifua wazi na soksi akicheza ngoma msituni peke yake, na kwa mshangao akasimamisha trekta. Mnyororo ulilala mbele yao. Miti uliyokwisha kuikamata ilikuwa bado inaanguka.

Saadi alikataa kubebwa kifuani. Ikabidi Mwalimu Mkuu amfunge mgongoni kwa shati lake, na ndivyo alivyopita mbele ya shule nzima, mguu mmoja pekupeku. Hakuna aliyecheka. Tulianza kucheka mwaka uliofuata, tulipokwisha kuhakikisha kwamba tunaruhusiwa.

Jioni alikwenda nyumbani kwa Mwantumu, akaniomba nimsindikize. Njiani alifanya mazoezi ya hotuba ya kuomba radhi, yenye utangulizi na sehemu nne. Mwantumu alimsikiliza hadi karibu na mwisho wa utangulizi.

"Mwalimu," alisema, "pole yako nimeipokea. Sasa nataka mahali."

Mwalimu akauliza mahali gani.

"Pa kumweka mtoto wakati mimi niko kazini na dada yake anasoma. Nje nilishamweka."

Hotuba iliishia hapo. Tulirudi, na kabla hatujaachana alinieleza kwamba usiku ule hatakula. Alikula, mkewe Rosa aliniambia, ila si kama kawaida yake.

Shule ilikuwa na stoo moja, yenye majembe, chokaa, na kuku wa Mwalimu Mkuu, ambao waliishi humo kwa taratibu nisiyoifahamu. Kesho yake kuku walihamishwa. Mwantumu aliacha karanga za Wazungu akawa mlezi, na akina mama wengine, ambao mwanzoni walikuja kuchungulia tu, wakakubaliana kila mmoja alete unga wa uji na sehemu ya mavuno yake kwa ajili ya Mwantumu. Walioanza walijaa mkeka mmoja. Baada ya mavuno mkeka haukutosha, wala stoo haikutosha, na wasichana walioacha shule wakaanza kurudi, wadogo zao wakitambaa mbele.

Chumba cha pili kilijengwa kwa mbao za masanduku yaliyokuja na mashine za karanga. Mwalimu Agapiti alizipigilia misumari mwenyewe, akikataa msaada. Mbao hizo zina maandishi makubwa ya Kiingereza yanayoeleza upande upi uwe juu. Alizipigilia zote kichwa chini, na hadi leo ukimwonyesha anasema zinazuia mvua vilevile. Hapo amesema kweli.

Kisha karanga zikashindwa, kama kila bibi kizee wa hapa alivyokwisha kuwaambia. Matrekta yakabaki yanaota majani. Tulidhani na chumba cha wadogo kitakufa, kwa kuwa kazi iliyokileta imeondoka. Lakini akina mama walikuwa na ufuta wao na mihogo yao, na hawakuwa tayari tena kulima na mtoto mgongoni.

Mwaka 1953 akaja mkaguzi kutoka Lindi. Alipenda mawe meupe. Alipofika nyuma ya jengo akakuta watoto wasiofikia umri wa shule wamelala kwenye mikeka, na Mwantumu anakoroga uji. Akasema taratibu haina kitu kama hiki, kiondolewe kabla hajaondoka yeye.

Sisi walimu tulijua mambo yamekwisha. Mwalimu Agapiti kukaidi taratibu! Alivuta soksi juu, akakohoa.

"Nitawaondoa, Bwana," alisema. "Nionyeshe niwapeleke wapi."

Mkaguzi akasema hilo si lake, watolewe nje.

"Nje nimewahi kumtoa mmoja. Mara hii uchague wewe, mimi nitabeba."

Akaenda akamnyanyua mtoto wa kwanza, angali usingizini, akasimama naye mbele ya mkaguzi akisubiri kuonyeshwa. Alisimama hivyo muda mrefu. Mwishowe mkaguzi aliomba maji, akanywa, akasema kwamba kwa bahati mbaya siku ile hakupata nafasi ya kufika nyuma ya jengo. Wakaguzi waliofuata nao hawakupata nafasi hiyo, ingawa wote walinywea chai yao hukohuko.

Sasa chumba cha tatu kimeezekwa, na watu wanatoka Ruangwa kuja kutazama. Mwalimu Agapiti huwapokea kwa hotuba inayoanza na maneno "Nilipobuni chumba hiki." Mara ya kwanza kuisikia nilikasirika, nikamfuata Mwantumu jikoni nikamuuliza anavumiliaje. Alikuwa anapepeta mtama.

"Mwache aseme, mwanangu," alinijibu. "Kila akisema, anaona aibu asipojenga."

Kamati iliniomba nimwite mwanzilishi. Samahani, kamati. Mwanzilishi yuko nyuma ya jengo anakoroga uji. Mwalimu Agapiti ndiye aliyekataza, akaona alichokifanya, akaacha kukataza, na alipotishwa hakurudi nyuma. Wakuu wengine wa shule niliowahi kuwajua walifika hatua ya kwanza tu.

Mwalimu, tunakushukuru wewe na Mama Rosa. Mikorosho ya shambani kwako Mtua ikuzalie, magoti yapone, na uishi miaka mingi ya raha. Tumesikia umeomba uwe unakuja asubuhi kukaa na wadogo. Mwantumu amekubali, kwa sharti kwamba usihutubie. Tumesikia pia kwamba umeomba siku mbili za kufikiri.

Mwalimu Letisia Kipriani