Kompyuta ya Mwalimu Longinus Imenyamaza

Pale Kasulu, nyuma ya stendi, mbele ya jiko la kahawa la Esteri, kuna benchi ambalo halijawahi kukubali kwamba kuna jambo halilijui. Jumamosi hiyo asubuhi Mwalimu Longinus alikaa katikati, laptop mapajani, amefura kwa hasira. Macho yalimzimika miaka sita iliyopita, na tangu hapo kompyuta ndiyo humsomea kwa sauti kila kilichoandikwa. Juzi alisasisha Linux yake, mfumo unaoiendesha, ikawa bubu. Mtihani wa darasa la saba alishautunga, ilibaki kuupitia na kuutuma kabla ya saa sita. Mkuu wa shule alishamwambia, kwa ule upole wa kuudhi, kwamba akishindwa watampumzisha. Longinus hakuwa na mpango wa kupumzika. Alikuwa ameliomba benchi jambo moja tu: wamsomee kilichopo kwenye kioo.

Aliyeishika laptop kwanza ni Castory, fundi redio, ambaye mji mzima humwita Voltiji.

— Spika imeungua hii, Mwalimu. Naisikia harufu.

— Haijaungua. Nikiiwasha inalia pii, kabla Linux haijaamka. Ukurasa wa sauti nimeshaufungua. Nisomee kioo.

— Naona mabomba. Yamesimama mengi.

— Chini ya kila bomba kuna alama mbili. Sifuri mbili, sauti inapita. M mbili, imefungwa. Ni zipi? Nikibonyeza M kwa kubahatisha nitafunga lililo wazi.

— Tatizo si alama, Mwalimu, ni baridi ya huku juu. Sauti imeganda. Tuiweke karibu na jiko.

— Oya! akadakia Niyomwungere, anayeitwa Bunge kwa sababu hampi mtu nafasi ya kusema. — Sauti haijaganda, imevuka mpaka. Simu zetu si zinakamata mtandao wa Burundi? Basi sasa hivi kuna mtu Burundi anausikiliza mtihani wako wote. Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama.

Esteri akaguna. Bunge akakumbuka anaongea na nani, akajitosa kwenye kahawa.

— Weka Windows kama watu wote, Voltiji akashauri. — Linux ni ya bure. Cha bure hakisemi.

— Siweki! Hii naijua kwa vidole vyangu. Castory, alama!

— Zimeandikwa kizungu, Mwalimu. Na miwani nimeiacha nyumbani.

— Tangu lini unavaa miwani?

Voltiji akamsogezea Bunge kioo. Bunge alisema jua linampiga machoni, ingawa wingu lilikuwa limefunika mji mzima. Saa nne ikapita hivyo, ikaingia ya tano.

Ndipo akafika mama mmoja Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Nadège, na furushi la vitenge na kibali chake cha kutoka kambini. Aliomba kahawa, akawasikiliza kidogo, akainama.

— Pardon, papa. Niko naona kumeandikwa hapa. Master, zéro zéro. Headphone, zéro zéro. Hii ya tatu... Spe... Spi-a-kè. M na M.

Longinus akabonyeza mshale mara mbili, kisha M. Laptop ikabwatuka kwa ile sauti yake kavu, na benchi zima likapiga kelele.

— Nilisema! Bunge akafoka. — Nilisema tangu mwanzo imefungwa!

Nadège alikuwa akimtazama yeye, kisha Voltiji.

— Hawa bapapa, nani alibafundishaka kusoma?

Voltiji alijitia kufuta kikombe. Longinus alilijua jibu, likamchoma. Ni yeye aliyewafundisha, darasa la tatu, fimbo mkononi. Aliyekosea neno alisimamishwa mbele, darasa likaamriwa limcheke. Watu wazima hawa wamekaa saa nzima na zaidi bila kuthubutu kusoma herufi mbili, wakimwogopa kipofu asije akawasahihisha mbele ya Esteri, na aibu ya jambo hilo ilikuwa yake.

Laptop ilishaanza kusoma mtihani. Longinus akaizima sauti kwa mkono wake mwenyewe.

— Mkuu wa shule apumzike yeye, alisema. — Castory, sogea. Maswali ni arobaini na muda upo. Nisomee.

— Mimi?

— Wewe. Na atakayecheka atanyang'anywa kahawa.

Voltiji akakohoa, akaweka kidole kwenye kioo.

— Swa... swali la kwanza.